Faranga Kuukuu na Bei Yake kwa Wakusanyaji

Sarafu ya faranga iliyolala sandukuni miaka mingi inaweza kuwa na bei tatu: ile iliyoandikwa juu yake, ile ya madini yaliyomo ndani yake, na ile ambayo mkusanyaji wa sarafu yuko tayari kuitoa mfukoni. Kwa faranga ya Ufaransa, bei ya kwanza imekwisha kabisa. Sarafu za euro ziliingia mikononi mwa watu Januari 2002, kwa kiwango cha faranga 6.55957 kwa euro moja. Tarehe 17 Februari mwaka huohuo faranga ikaacha kuwa pesa halali, na Benki Kuu ya Ufaransa ikaendelea kupokea sarafu na kuzibadilisha hadi 17 Februari 2005. Tangu siku hiyo hakuna dirisha la benki linalozipokea. Zimebaki bei mbili, ya madini na ya mkusanyaji, na kazi yote ya kukadiria thamani ni kujua ni ipi kati ya hizo inayoitawala sarafu iliyoko mkononi.

Jambo la kuondoa mapema ni imani kwamba sarafu ikizeeka hupanda bei. Umri peke yake hauongezi chochote. Senti kumi za shaba za Napoleon wa Tatu, zilizopigwa miaka ya 1850 na 1860, zina zaidi ya miaka 150, lakini zilitengenezwa kwa wingi mno, na zile zilizosagika huuzwa kwa mafungu kwenye vikapu vya wauza vitu vya kale. Sarafu iliyotengenezwa miaka 80 baadaye inaweza kuzidi kikapu kizima cha senti hizo.

Hatua ya kwanza ni kuitambua sarafu yenyewe, kwa sababu faranga si ya nchi moja. Mwaka 1865 Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi ziliunda umoja wa sarafu uliolinganisha uzito na kiwango cha madini, ndiyo maana faranga tano za fedha za Paris na za Brussels zinatoshana kwenye kiganja. Sarafu ya Ufaransa huandikwa jina la jamhuri, au la mfalme au kaizari wa wakati huo. Ya Uswisi huandikwa Helvetia. Ya Ubelgiji mara nyingi ilitolewa kwa matoleo mawili, moja la Kifaransa na jingine la Kiholanzi, na wakusanyaji huyahesabu kuwa sarafu mbili tofauti hata kama picha ni ileile.

Baada ya nchi hutazamwa mwaka. Kwenye sarafu za mwanzo za Ufaransa mwaka wenyewe huwatatiza wengi. Faranga iliwekwa kisheria mwaka 1795, wakati serikali ya mapinduzi ilikuwa imekwisha kuacha kalenda ya kawaida na kuhesabu miaka yake tangu Septemba 1792. Faranga tano yenye maneno L'AN 8 haina kasoro. Ilipigwa kati ya 1799 na 1800. Hesabu hiyo iliendelea hadi mwaka wa 14, kisha kuanzia 1806 sarafu zikarudi kwenye miaka ya kawaida. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1803, ilitoka sheria iliyokuja kuongoza hesabu za sarafu kwa zaidi ya karne: faranga moja ni gramu 5 za fedha, na katika kila sehemu 1,000 za madini hayo, 900 ni fedha safi.

Kisha hutafutwa herufi ndogo, ambayo kwa kawaida iko karibu na mwaka au chini ya picha. Hiyo hutaja mji ilikopigwa sarafu: A ni Paris, K ni Bordeaux, W ni Lille, BB ni Strasbourg. Kando yake huwa na alama ndogo za kiwanda na za mabwana waliosimamia kazi. Pembe iliyojaa matunda ni alama ya kiwanda cha Paris, na bundi ni alama ya Raymond Joly, aliyekuwa mchongaji mkuu kuanzia 1958 hadi 1974. Alama hizi hazizidi punje ya mtama, lakini mtaalamu huanza nazo kabla ya kuitazama sura ya mfalme. Sarafu mbili zinazofanana kwa kila kitu zinaweza kuachana mno kwa bei kwa sababu ya herufi moja. Faranga moja ya fedha ya 1914 iliyopigwa Paris ni ya kawaida. Ile ya mwaka huohuo yenye herufi C, iliyotoka Castelsarrasin wakati vita vilipoifanya serikali itafute mahali mbali na mpaka, huwindwa na kila anayetaka kukamilisha mfululizo.

Sarafu ikishatambuliwa, madini huweka sakafu ya bei, yaani kiwango ambacho muuzaji hana sababu ya kushuka chini yake. Hesabu yake haihitaji utaalamu. Uzito wa sarafu huzidishwa kwa kiwango cha usafi, kisha kwa bei ya gramu moja sokoni siku hiyo. Bei za dunia hutajwa kwa aunsi ya masonara, ambayo ni gramu 31.1, kwa hiyo hugawanywa kwanza. Faranga 20 ya dhahabu, ambayo Wafaransa huiita Napoléon, ina gramu 6.45, na dhahabu safi ndani yake ni gramu 5.8. Faranga tano ya fedha ya karne ya 19 ina gramu 25, fedha safi ikiwa gramu 22.5. Faranga moja na faranga mbili za baada ya katikati ya miaka ya 1860 zilipunguzwa usafi hadi 835 kwa 1,000, hivyo faranga moja ina gramu 4.175 tu za fedha safi. Faranga 10 na 20 za kati ya 1929 na 1939, zenye sura iliyochongwa na Pierre Turin, zilishuka zaidi, hadi 680 kwa 1,000.

Hata faranga mpya, ile iliyoanza 1960 baada ya faranga 100 za kale kugeuzwa kuwa moja, ina vipande vya fedha ambavyo watu wengi huvidharau. Faranga 10 yenye Hercules, ya 1965 hadi 1973, ina gramu 25 kwa usafi wa 900. Faranga 50 yenye picha hiyohiyo, ya 1974 hadi 1980, ina gramu 30, na ndani yake mna gramu 27 za fedha safi. Faranga 100 yenye jengo la Panthéon, iliyoanza 1982, ina gramu 15 kwa usafi uleule. Hizi zilifichwa na wananchi kwa wingi tangu zilipotoka, kwa hiyo ni nyingi hadi leo, na bei yake hufuata soko la fedha karibu hatua kwa hatua.

Mtego unaofaa kutazamwa kwa karibu ni faranga tano yenye mwanamke apandaye mbegu, picha iliyobuniwa na Oscar Roty mwishoni mwa karne ya 19 na kurudishwa 1960. Kati ya 1960 na 1969 sarafu hiyo ilipigwa kwa fedha, gramu 12. Kuanzia 1970 picha ilibaki, upana wa milimita 29 ukabaki, lakini madini yakawa shaba iliyochanganywa na nikeli na kufunikwa nikeli, gramu 10. Mezani zikiwekwa pamoja, macho yasiyozoea hayaoni tofauti. Mizani midogo ya sonara huimaliza hoja kwa sekunde chache, na aliyekosa mizani atazame mwaka. Ya 1969 ina thamani ya fedha. Ya 1970 haina, ingawa ile ya majaribio, yenye neno ESSAI lililochongwa juu yake, ina bei ya mkusanyaji. Neno hilo popote linapoonekana kwenye sarafu ya Ufaransa ni sababu ya kutulia na kuuliza zaidi.

Juu ya sakafu hiyo ya madini hujengwa bei ya uhaba, na hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Uhaba haupimwi kwa macho ya mtu mmoja ambaye hajawahi kuiona sarafu fulani. Hupimwa kwa idadi iliyopigwa, idadi iliyosalia, na idadi ya watu wanaoitaka. Faranga 20 ya Turin inaonyesha jambo hili vizuri. Ile ya 1938 ilipigwa kwa mamilioni, na kwa kawaida huuzwa juu kidogo ya bei ya fedha yake. Ile ya 1936 ni chache. Ile ya 1939, yenye sura ileile, uzito uleule na usafi uleule, ni adimu kiasi kwamba mkusanyaji anaweza kuisubiri kwa miaka. Mtu anayeuza faranga za Turin kwa kilo bila kusoma miaka huenda akamzawadia mnunuzi kipande kinachozidi fungu zima.

Wala idadi iliyopigwa haitoshi kuamua. Mwaka 1941 kiwanda cha Paris kilipiga mamilioni ya faranga tano zenye kichwa cha Pétain, kiongozi wa serikali ya Vichy. Hazikutolewa kwa umma, na karibu zote zikayeyushwa. Kwenye orodha ya uzalishaji zinaonekana sarafu za kawaida. Sokoni ni adimu. Kinyume chake ni faranga 10 ya 1986. Ilifanana mno na nusu faranga, watu wakalalamika, ikaondolewa haraka, na mwaka 1988 ikaja nyingine ya madini ya rangi mbili. Wengi waliiweka wakidhani kuondolewa kwake kutaifanya mali. Lakini kwa kuwa wengi waliiweka, imejaa kila mahali.

Dhahabu nayo ina mtego wake. Faranga 20 yenye jogoo, iliyopigwa kuanzia 1899 hadi 1914, ilirudiwa kupigwa katika miaka ya 1950, na zile za marudio zikaandikwa miaka ya 1907 hadi 1914. Rangi yake huelekea wekundu wa shaba kuliko zile za awali. Ni dhahabu halali kwa uzito kamili, lakini mkusanyaji hazilipii historia ambayo hazina. Kwa jumla, Napoléon za miaka ya karibuni ni bidhaa ya wawekezaji. Bei ya mkusanyaji huanza kuonekana kwenye miaka ya mwanzo ya karne ya 19 na kwenye herufi za viwanda vidogo vilivyofungwa mapema.

Hali ya sarafu ndiyo kipimo cha mwisho, na ndicho kinachozua ugomvi mwingi kati ya muuzaji na mnunuzi. Wafaransa wana ngazi yao ya herufi. B ni sarafu iliyosagika, maandishi yakisomeka kwa shida. TB imechakaa lakini picha iko wazi. TTB ilipita mikononi mwa watu, lakini bado ina sehemu kubwa ya michongo yake midogo. SUP ina mikwaruzo michache na mng'ao uliosalia, SPL karibu haikutumika kabisa, na FDC ni kama ilivyotoka kwenye mashine. Mtu akiichukua faranga moja ya Roty ya 1916 na kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha, atazame kwanza mikunjo ya gauni kwenye paja la yule mwanamke, kisha nywele zinazotokeza chini ya kofia. Sehemu hizo zimeinuka kuliko nyingine, nazo ndizo husagika kwanza. Mikunjo ikiwa imekuwa bapa, hiyo si SUP, hata kama inang'aa kama sahani mpya.

Tena ikiwa inang'aa hivyo, kuna uwezekano kwamba imesuguliwa, na hilo ni balaa. Dawa ya kung'arishia, majivu, ndimu, dawa ya meno na kitambaa kikavu huondoa tabaka jembamba la juu na kuacha mistari midogo ambayo mtaalamu huiona mara moja kwa lenzi. Weusi wa fedha iliyozeeka haupunguzi bei. Ukiwa umeenea kwa usawa, huiongeza. Sarafu adimu iliyosuguliwa inaweza kupoteza nusu ya bei yake au zaidi kwa kazi ya dakika tano, na hakuna dawa ya kuirudisha. Madhara yanayofanana na hayo huletwa na tundu lililotobolewa kwa ajili ya mkufu, na kishikio kilichochomelewa kisha kikakatwa.

Faranga hiyo ya 1916 inafundisha jambo jingine. Kwa kuwa ilipigwa kwa makumi ya mamilioni, ikiwa TTB huenda isizidi sana bei ya fedha yake, lakini ikiwa FDC hulipiwa mara kadhaa. Sarafu ya kawaida huinuliwa na hali yake. Sarafu adimu, kama ile C ya 1914, hupata mnunuzi hata ikiwa imechakaa.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, faranga zilizo karibu zaidi ni zile za Kongo na majirani zake, na kwa maoni ya wengi wanaozikusanya, ndizo zenye picha nzuri kuliko za Ulaya. Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ilianza kupiga sarafu zake 1887: senti za shaba na faranga za fedha. Senti hizo zina tundu katikati. Tundu hilo lilitengenezwa kiwandani, kwa hiyo si kasoro, na anayeikataa sarafu hiyo kwa kudhani ilitobolewa kwa ajili ya shanga amekosea. Faranga tano za fedha za Leopold huyo zina uzito uleule wa gramu 25, lakini bei yake iko juu sana kuliko ya madini, kwa sababu zilipigwa kwa uchache na wanaozitaka ni wengi, Ubelgiji na kwingineko.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta mambo ya kipekee. Ubelgiji ikiwa mikononi mwa Wajerumani, sarafu za Kongo ya Kibelgiji zilitengenezwa ng'ambo. Faranga mbili ya 1943, ya shaba ya manjano, yenye pembe sita na tembo, ilipigwa Philadelphia, Marekani. Faranga 50 ya 1944, nayo ya tembo, ilipigwa Pretoria kwa fedha ya usafi wa 500, gramu 17.5. Fedha safi ndani yake ni gramu 8.75 tu, lakini hakuna mkusanyaji wa Afrika ambaye angeipata kwa bei hiyo. Baada ya vita zikaja faranga tano za 1952 zenye mti wa jamii ya minazi na majina ya Kongo na Ruanda-Urundi pamoja, kisha faranga moja ya simba ya Rwanda na Burundi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hizi mbili ni za bei ndogo zikiwa zimechakaa. Unyevu wa nchi za joto huzila sarafu za shaba, hivyo kipande kilichobaki safi kina bei isiyolingana na ndugu zake.

Katanga, jimbo la Kongo, ilipojitangazia uhuru wake, mwaka 1961 ilitoa faranga moja na faranga tano za shaba zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa Katanga upande wa pili. Hizo zinapatikana kwa urahisi. Lakini pia ilitoa faranga tano ya dhahabu, gramu 13.33 kwa usafi wa 900, yaani gramu 12 za dhahabu safi. Picha ni zilezile, na hapo ndipo walaghai huingia: sarafu ya shaba hupakwa rangi ya dhahabu na kuuzwa kwa asiyejua. Mizani humaliza maneno, kwa kuwa ya shaba ina karibu nusu tu ya uzito wa ile ya dhahabu. Upande wa Bahari ya Hindi, Komoro ina faranga tano ya fedha ya Sultani Said Ali wa mwaka wa Hijria 1308, sawa na 1890 hivi, iliyopigwa Paris kwa idadi ndogo na yenye maandishi ya Kiarabu. Familia yenye kipande hicho isikiuze kabla ya kukionyesha kwa mtaalamu.

Ulaghai hauko Katanga peke yake. Faranga tano kubwa za karne ya 19 hughushiwa kwa wingi na kuuzwa kwa watalii masokoni. Halisi ina gramu 25, ikipungua kidogo kwa kuchakaa, na upana wa milimita 37. Haivutwi na sumaku. Kwenye ukingo wake mna maandishi, mengi yakiwa ya kumwomba Mungu ailinde Ufaransa. Ukingo mtupu, au wenye mstari wa kuungia kama wa kitu kilichomiminwa kwenye kalibu, unatosha kuikataa. Herufi zilizovimba na vitundu vidogo usoni ni ushahidi mwingine.

Baada ya yote hayo hubaki kupata namba yenyewe. Katalogi, kama ile ya Gadoury kwa sarafu za Ufaransa, hutoa bei kwa kila mwaka, herufi na daraja. Bei hizo ni za mfanyabiashara anapouza, si anaponunua. Yeye naye ana pango, mishahara na hatari ya kukaa na sarafu miaka. Minada hutoa picha ya kweli zaidi, kwa kuwa matokeo yake huhifadhiwa na kuonekana kwenye intaneti. Kinachotakiwa ni bei ambayo sarafu ilinunuliwa. Bei ambayo mtu ameiombea sarafu yake kwenye tangazo haina uzito wowote, hata ikiwa na sifuri nne. Yafananishwe matokeo matatu au manne ya mwaka uleule, herufi ileile na daraja lilelile, kisha ikumbukwe kwamba mnada hukata kamisheni kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Kampuni zinazoipima sarafu na kuifungia kwenye kasha, kama PCGS na NGC, hutoza ada ambayo kwa faranga nyingi hupita bei ya sarafu yenyewe, kwa hiyo huduma hiyo huzifaa zile adimu tu.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki na Kongo, mnunuzi wa karibu ni sonara, naye hulipa madini peke yake kisha huyeyusha. Kwa faranga 50 ya Hercules hakuna hasara katika hilo. Kwa faranga 20 ya 1939, au faranga tano ya Said Ali, hasara ni kubwa na haina marekebisho. Mwenye faranga aandike kwanza nchi, mwaka, herufi, uzito na upana wake, azipige picha pande zote mbili bila kuzisugua, azitafute kwenye matokeo ya minada, na zile zisizo na kitu zaidi ya madini ndizo azipeleke kwa sonara.